Mwanakemia aliyeupeleka moshi wa kuni Japani

Moshi ukishatoka dirishani mpishi hushusha pumzi. Macho huacha kuwasha, chungu kinaendelea kuchemka, na hakuna anayeuliza ule moshi umekwenda wapi. Ngamiani, mjini Tanga, ambako nyumba zimeshikana na ukuta wa huyu ndio ua wa yule, jibu la haraka ni kwamba umeingia kwa jirani. Jibu refu limechukua miaka ya kazi ya wanasayansi wachache, na mmoja wao ni Mtanzania ambaye jina lake halisikiki sana nje ya vyuo: Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro.

Mkoma ni mwanakemia wa hewa. Kazi hiyo ni ngeni masikioni mwa wengi. Mtoto akisema nyumbani anataka kusomea kemia, wazazi humwona tayari kwenye duka la dawa au kiwanda cha sabuni. Wachache watamfikiria akiwa amepanda juu ya paa na pampu, akivuta hewa ile ile ambayo kila mtu anaivuta bure, halafu akikaa miezi maabara kutafuta kilichomo.

Na kilichomo ni kingi. Hewa kavu ni naitrojeni kwa asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na argoni kidogo isiyotimia asilimia moja. Ukijumlisha hizo tatu umeshamaliza karibu hewa yote. Kinachobaki ni chini ya sehemu moja katika elfu, na ndani ya hicho kipande kidogo ndimo zilimo gesi zinazoamua joto la dunia na afya ya mapafu: kaboni dayoksaidi, methani, kaboni monoksidi, ozoni, oksidi za naitrojeni. Wataalamu huziita gesi haba. Pamoja nazo huelea chembechembe za vumbi, masizi, chumvi na matone madogo mno ya asidi. Ni pilipili kwenye sufuria ya mchuzi: haijazi sufuria, ila ndiyo inayosikika.

Shahada yake ya uzamivu Mkoma aliipata mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kwenye kundi la Profesa Willy Maenhaut, mtu aliyetumia maisha yake kupima chembechembe za angani kutoka sehemu nyingi za dunia. Tasnifu ilihusu hewa ya Tanzania. Yaani hewa ilikusanywa nyumbani na kusomwa Ulaya, utaratibu ambao umemfuata karibu katika kazi zake zote kubwa, na ambao unapaswa kutusumbua kidogo.

Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika masika ya mwaka 2005, Dar es Salaam na Morogoro. Chembe zilizonaswa zilichambuliwa elementi moja moja, kisha zikapangwa kwa chanzo: hiki ni vumbi la ardhini, hii ni chumvi ya bahari, hii ni kaboni iliyotokana na kuchoma vitu. Kisha hesabu hujumlishwa kuona kama sehemu zote zikiwekwa pamoja zinafikia uzito uliosomwa kwenye mizani. Zisipofikia, kuna kitu hakijatambuliwa na mtafiti hurudi mezani. Mama anayefunga hesabu za kikoba jioni anaijua kazi hiyo vizuri, hata kama hajawahi kuona maabara.

Sukari inayotokana na moto

Kazi iliyogusa jikoni zaidi ilikuja mwaka 2011. Safari hii Mkoma aliweka vyombo vyake Mazimbu, kampasi ya SUA iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka Mazimbu kama shule ya wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1978 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Hapo, umbali wa kilometa kama 200 kutoka Bahari ya Hindi, hewa ilinaswa mwishoni mwa masika na tena katika miezi ya kiangazi.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Pampu huvuta hewa na kuipitisha kwenye chujio jeupe lililotengenezwa kwa nyuzi za kwatzi, jiwe linalofanana na kioo. Kabla ya kutumika, chujio huokwa kwenye tanuri kali ili kuunguza uchafu wowote uliokuwamo, maana alama ya kidole tu ina mafuta ya kutosha kuharibu majibu. Mdomo wa chombo umeundwa kuchagua ukubwa wa chembe. Kimoja hupokea chembe zote zisizozidi mikroni 10. Kingine kinapokea zile ndogo zaidi, zisizozidi mikroni 2.5, ambazo unywele mmoja wa kichwani unazizidi unene mara 20 na zaidi. Hizi ndogo ndizo zinazotisha madaktari. Kubwa hunaswa puani na kooni, na mtu huzitoa kwa kamasi au kikohozi. Ndogo hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale ambapo damu inapokea oksijeni.

Chujio likitoka limegeuka rangi. Mtu yeyote ataona kwamba hewa ilikuwa na uchafu. Swali gumu ni uchafu wa nani. Je, ni moshi wa magari barabarani? Vumbi? Mashamba yaliyochomwa? Au ni maelfu ya mafiga na majiko yanayowashwa asubuhi na jioni?

Kwa hilo Mkoma alishirikiana na Profesa Kimitaka Kawamura wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, mjini Sapporo, kaskazini mwa Japani, mji ambao theluji yake ni ya kupiga koleo. Moshi wa Morogoro ukasafirishwa hadi huko ukiwa umelala kwenye duara za chujio. Walichokuwa wakikitafuta zaidi ni kemikali moja yenye jina refu, levoglukosani.

Kuni, kama mmea wowote, zimejengwa kwa selulosi, na selulosi ni minyororo ya sukari. Moto unapopita nyuzi joto 300 minyororo hiyo hukatika, na kipande kimojawapo kinachopaa na moshi ni levoglukosani. Dizeli haiitoi. Vumbi la barabarani halina. Mtu akiikuta hewani anajua kwamba mahali fulani kuna mmea uliungua. Ipo na ndugu yake, mannosani, inayotoka kwenye sehemu nyingine ya mti. Wa tatu katika ushahidi ni potasiamu, madini yaliyojaa kwenye majivu. Sehemu nyingi za nchi hii bibi zetu walichuja majivu kupata maji ya kulainishia mboga ngumu. Walikuwa wakivuna potasiamu hiyo hiyo, ila wao waliichukua chini ya mafiga na Mkoma aliichukua angani.

Majibu yalitoka mwaka 2013 katika jarida la kimataifa la Atmospheric Chemistry and Physics, Mkoma na Kawamura wakiandika pamoja na mtafiti wa tatu, Pingqing Fu. Levoglukosani, mannosani na potasiamu zilipanda na kushuka pamoja na kaboni ya kwenye chujio, kama watu watatu wanaoonekana kila siku na gari moja. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za kaboni yote zilikuwa kaboni ya kioganiki, na masizi meusi yalichukua sehemu ndogo. Hitimisho la watafiti halikuzunguka: kuchoma kuni, mkaa na mimea mingine kunaathiri kwa kiasi kikubwa ubora wa hewa waliyoipima.

Tarakimu zenyewe zinastahili kusomwa taratibu. Wakati wa mvua, chembe zile ndogo zilikuwa wastani wa mikrogramu 28 katika kila meta ya ujazo ya hewa. Kiangazi zilipanda hadi 39. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliokuwapo wakati ule ulitaka zisizidi 25 kwa saa 24. Mwaka 2021 WHO iliushusha hadi 15, baada ya ushahidi kuonyesha kwamba madhara yanaanza mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kwa kipimo cha leo hewa ya Mazimbu, kwenye kampasi ya chuo yenye miti na nafasi, ilikuwa na karibu mara mbili ya kinachokubalika wakati wa mvua na zaidi ya mara mbili wakati wa kiangazi. Na hiyo ilikuwa hewa ya nje. Hakuna aliyekuwa amekaa mbele ya mafiga.

Ripoti nyingine ya mwaka huo huo, ya Mkoma na Kawamura, iliangalia asidi zilizomo kwenye chembe hizo. Iliyoongoza kwa wingi ilikuwa asidi ya oksaliki, ile ile inayopatikana kwenye mchicha. Angani haitoki kwenye mchicha. Nyingi yake huzaliwa pale gesi za moshi zinapokaa juani, zikakatwakatwa na kuunganishwa upya. Kwa hiyo moshi unaoufikia mji jioni huenda haufanani tena na ule uliotoka jikoni asubuhi. Umeiva njiani.

Chumvi ya Raskazone

Kuna jambo dogo katika matokeo ya Morogoro ambalo mtu wa pwani atalisoma kwa jicho lake. Kwenye chembe kubwa, moja ya madini yaliyoongoza ilikuwa sodiamu, ambayo chanzo chake kikubwa angani ni chumvi ya bahari. Kilometa 200 kutoka ufukweni, chujio lilinasa Bahari ya Hindi.

Aliyekaa Raskazone au Pangani hahitaji maabara kulijua hilo. Mabati yanashika kutu kabla ya wakati wake, bawaba za madirisha zinagoma. Mawimbi yanapopasuka hurusha matone, matone yanakauka, chumvi inabaki ikielea. Upepo unaichukua. Mei hadi Agosti, miezi ambayo Mkoma alikuwa akikusanya, ni majira ya kusi, na kusi hutoka baharini kuelekea bara. Hewa iliyofika Morogoro ilikuwa imepita kwanza juu ya pwani, na ilibeba alichokikuta humo.

Manahodha wa majahazi waliujua mwendo huu karne nyingi kabla ya kemia. Kaskazi iliwaleta kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, kusi ikawarudisha. Upepo uliobeba tende na vitambaa unabeba pia moshi. Mwaka 1999 wanasayansi wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, walikita kambi Maldives katika miezi ya kaskazi. Walikuta ukungu wa kahawia umetanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi: moshi wa kuni, samadi, magari na viwanda vya Asia ya Kusini ukisukumwa baharini. Crutzen alikuwa ameanza kuonya kuhusu moshi wa nchi za joto tangu mwaka 1979, pale yeye na wenzake walipoonyesha kwamba moto wa misitu, nyika na mashamba unatoa gesi haba kwa kiasi ambacho hakuna aliyekuwa akikihesabu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995 aliipata kwa jambo jingine, ozoni ya juu.

Mjini Tanga kuna mzunguko mdogo ndani ya huu mkubwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hivyo upepo unavuma kutoka majini kuingia mjini. Usiku unageuka. Moshi wa chakula cha jioni huelekea baharini na pepo za bara, na sehemu yake yaweza kurudi kesho yake pamoja na upepo wa bahari. Ndiyo maana kusema pwani kuna hewa safi ni kweli nusu. Kuna hewa inayotembea, na hilo linasaidia sana kuliko mji uliofungwa na milima. Lakini wanaobanika samaki kwenye vichanja vya Pangani, wanaochoma chokaa, wanaopika kwa makumbi na vifuu kwa sababu nazi ndiyo iliyopo, hao wako mwanzoni kabisa mwa safari ya moshi, kabla upepo haujapata nafasi ya kuutawanya.

Gesi isiyo na harufu

Chembe zina nafuu moja: zinaonekana kwenye chujio. Gesi hazionekani, na kwenye familia ya pwani moja inatakiwa kuogopwa kuliko nyingine zote.

Kaboni monoksidi hutokea pale kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa linaitoa kwa wingi, na linaitoa zaidi pale linapoonekana limetulia, makaa mekundu, moshi hakuna. Hapo ndipo penye mtego. Familia nyingi za mjini zimeacha kuni na kuhamia mkaa kwa sababu mkaa hauna moshi, na ni kweli chembe zimepungua jikoni. Moshi wake ulibaki kwenye tanuri, porini, Handeni au kwingineko ambako gogo lilifukiwa likaungua siku kadhaa. Kaboni monoksidi ndiyo iliyokuja mjini pamoja na gunia.

Ndani ya mwili gesi hiyo hushika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, mapafu yanafanya kazi, lakini mzigo uliobebwa ni mwingine. Mtu huanza na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, mwili kulegea, halafu usingizi. Katika nchi ambayo dalili hizo zote zina jina moja maarufu, malaria, si ajabu mgonjwa akapimwa malaria na kurudishwa kwenye chumba kile kile. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni kinaweza kudanganya. Vingi vya vifaa hivyo havitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, na namba inatoka nzuri huku mgonjwa akizidiwa. Swali linalosaidia ni la kawaida kabisa: jana usiku jiko lilikuwa wapi? Wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na kikapungua wakitoka nje, jibu liko karibu.

Lushoto, mkoa huu huu wa Tanga, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani wapate joto. Hakuna jiko la mkaa lililo salama kulala nalo, liwe limeshika vizuri au limefunikwa majivu.

Gesi hiyo ikitoka nje haipotei mara moja. Hukaa angani wiki kadhaa hadi miezi michache, muda wa kutosha kuvuka nchi. Njiani inashiriki, pamoja na oksidi za naitrojeni na jua, katika kutengeneza ozoni ya chini. Ozoni iliyo juu kabisa hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya chini huwasha mapafu, huwasumbua wenye pumu na kuunguza majani ya mazao. Jina moja, tabia mbili.

Kupima safari hizo kunahitaji kituo kilicho juu ya moshi wa jirani, na hapa hadithi inahamia Rwanda. Mwaka 2008 Rais Paul Kagame na Susan Hockfield, aliyekuwa rais wa chuo cha MIT cha Marekani, walizungumzia ushirikiano uliozaa kituo cha kupima hewa kwenye mlima Mugogo, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Kinyarwanda aliyeshiriki kukijenga na kukiongoza, Jimmy Gasore, alipata shahada ya uzamivu MIT mwaka 2018 chini ya Profesa Ronald Prinn. Alitaka kujua Afrika ya Kati na Mashariki inatoa kaboni dayoksaidi na methani kiasi gani, kwa kupima hewa yenyewe mfululizo.

Hesabu yake inakwenda kinyumenyume. Ukiwa Chumbageni ukasikia harufu ya samaki wa kukaanga, unageuza uso upande upepo unakotoka, unapima ukali wa harufu, unakisia ni sufuria moja au kumi. Gasore alifanya hivyo kwa gesi zisizo na harufu, kwa mashine inayosoma mfululizo na kompyuta inayofuatilia kila pumzi ya upepo ilikopita.

Mwaka 2019 yeye na wenzake, wakiongozwa na Langley DeWitt, walichapisha vipimo vya masizi, ozoni na kaboni monoksidi vya Mugogo vilivyoanza mwaka 2015. Moshi ulipanda mara mbili kwa mwaka, katika vipindi vyote viwili vya ukavu. Desemba hadi Februari ulitoka kwenye mioto ya kaskazini mwa Ikweta. Juni hadi Agosti ulitoka kusini, ukanda wa nyika zinazochomwa kila mwaka, Tanzania ikiwamo. Mtu anayechoma shamba anadhani anasafisha ekari zake mbili, kumbe jumla ya watu kama yeye inasomeka juu ya mlima wa nchi nyingine. Septemba 2023 Gasore aliteuliwa kuwa waziri wa miundombinu wa Rwanda, wizara inayosimamia nishati pamoja na barabara. Ni mara chache mtu aliyepima moshi hupewa na meza ya kuupunguza.

Anayelipa ni mpishi

Kwa takwimu za WHO, hewa chafu ya majumbani ilihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto chini ya miaka mitano. Nimonia ya mtoto, mshtuko wa moyo, kiharusi, mapafu yanayoziba polepole, saratani ya mapafu: moshi umo katika orodha ya visababishi vya yote hayo. Mama mjamzito anayeuvuta yuko kwenye hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Na nani yuko jikoni? Mama, binti aliyetoka shule, na mtoto aliye mgongoni ambaye pua yake iko juu kidogo tu ya chungu.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Tatizo linajulikana katika kila nyumba yenye mtungi uliogeuzwa pambo: gesi hununuliwa kwa mkupuo, mkaa hununuliwa kwa kopo. Mtu anayepata riziki yake kwa siku atapika kwa kinachouzwa kwa siku. Maharage nayo yanabaki kwenye mkaa hata kwa wenye gesi, kwa hofu ya kumaliza mtungi, ingawa kuyaloweka usiku kucha au kuyapika kwenye sufuria ya presha hupunguza sana muda wa moto.

Wakati mtungi haujafika, kuna yanayowezekana leo. Kuni zilizokauka hutoa moshi kidogo kuliko mbichi, kwa sababu moto hautumii nguvu yake kukausha maji kwanza. Mlango mmoja hautoshi: hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, na tundu la juu, karibu na paa, ndilo linalofanya kazi kwa sababu moshi wa moto hupanda. Mifuko ya plastiki isitumike kuwashia, maana moshi wake una sumu ambazo kuni hazina. Mtoto akae mbali na moto, hata kama atalia. Jiko la mkaa liwashiwe nje na lipikiwe nje, barazani au uani, na mvua ikinyesha libaki penye upenyo. Likimaliza kazi limwagiwe maji au makaa yafunikwe mchanga huko huko uani, kabla mtu hajafunga mlango wa kulala.